Scotland Ijitoe Isijitoe, Mashine ya Salfa Isiguswe

Kaimu Rashidy,
Mandawa, Ruangwa.
14 Julai 2024

Waheshimiwa viongozi wa vyama vyote vya Uingereza, mlioshinda na mlioshindwa,

Poleni na uchaguzi. Nawaandikia kwa heshima kwa sababu mmeniharibia nyumba. Mdogo wangu Habibu amewasikiliza redioni wiki sita mfululizo, na sasa anataka upande wake wa shamba ujitenge kama Scotland wanavyotaka, na aondoke na mashine yetu ya kupulizia salfa. Mikorosho ndiyo inatoa maua. Isipopulizwa wiki hii, ugonjwa wa ubwiriunga utayamaliza yote.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kura tulishapiga. Watu wazima tisa, ndoo moja: korosho ni kubaki, mbaazi ni kujitenga. Zikatoka korosho tano, mbaazi nne. Hiyo ni asilimia 55.6, wakati Scotland mwaka 2014 walibaki kwa 55.3. Muungano wangu ni imara kuliko wenu. (Upande wa Habibu wako watatu tu. Mbaazi ya nne namwachia Mungu na mke wangu Faudhia.)

2. Ilisemwa kura ile ya Scotland ni ya mara moja kwa kizazi, lakini hamkusema kizazi cha nani. Habibu anatumia cha kuku. Anataka kura kila miezi sita.

3. Huko kwenu chama kimepata theluthi ya kura, kikachukua karibu theluthi mbili ya viti. Habibu akanicheka: "Kaka, kura za wenzetu zinazaa mapacha!" Yeye ana nne kwa tisa, mara mbili ni nane kwa tisa. Miti yetu ni 180, kwa hiyo anadai 160! Mimi niliyeanza na miche kumi na moja, nikiibebea maji kwa kichwa changu, nibaki na ishirini?

Naomba mtangaze redioni, kwa Kiswahili, kwamba Scotland haiendi popote, na kwamba katika muungano wowote mashine inalala kwa mkubwa, na mkubwa ndiye anayeitunza.

Wasalimieni watu wa Scotland, hatuna ugomvi nao. Faudhia naye anawasalimu, tena wao kuliko ninyi.

Ni mimi ninayeutetea Muungano wenu bila posho,
Kaimu Rashidy

N.B. Leo asubuhi mashine imegoma kuwaka. Nimemwita Habibu tuibebe hadi kwa fundi kule Nachingwea. Amejibu kwamba barua hii ameisoma: mkubwa ndiye anayeitunza. Tafadhali msitangaze chochote. Nimehesabu upya: kura yangu moja ikihama, mbaazi zinakuwa tano, asilimia 55.6. Waacheni Scotland waende zao. Habibu naye aende, na mashine aibebe.