Kibuyu cha Wifi

Jumatatu, 3 Juni
Leo Mugarura wangu kaniita ua lake mbele ya ng'ombe wote. Nikayeyuka! Ndoa tamu jamani. Ila nyumba haina amani. Wifi yangu Kemirembe, miaka kumi na mitano, kagoma kunywa maziwa. Shuleni wanamwita Mtungi, eti kwa unene. Mama mkwe anasema binti wa wafugaji asiyenawiri ni aibu ya boma. Nikipendwa na wifi, nitapendwa na wote. Nina mpango!

Jumanne, 4 Juni
Namnywea mimi. Kumwaga haiwezekani, hapa kumwaga maziwa ni kuwatukana ng'ombe. Kibuyu chake kwanza, changu baadaye. Mama mkwe kaona vibuyu vitupu, kapiga vigelegele. Kemirembe kanikumbatia nyuma ya zizi, eti hakuna wifi kama mimi Ankole nzima. Kazi rahisi! Tumbo linanguruma kidogo.

Ijumaa, 7 Juni
Sasa hata ndizi hagusi. Anasimama mbele ya kioo, anajifinya mikono. Nikamwambia ni mzuri. Akanijibu kwamba nasema hivyo kwa sababu mimi nimeshapata wangu. Akiugua je? Nikisema, atanichukia. Nimekunywa tu.

Jumapili, 9 Juni
Gauni limekatika vifungo kanisani. Mama mkwe kanitazama tumbo, kaanza kulia kwa furaha. Mjukuu! Jioni Mugarura kaja na kitanda cha mtoto begani, anang'aa kama mwezi. Ningemwambiaje, mpenzi wangu? Nimeongezewa kibuyu.

Jumatano, 12 Juni
Balaa! Kemirembe kaanguka uwanjani akicheza netiboli. Nimekimbia kadiri tumbo lilivyoniruhusu. Nikasema yote, nikalia, nikangoja kurudishwa kwetu. Mama mkwe hata hakunitazama. Alimpakata bintiye, akauliza nani huyo anayemwita Mtungi, amwonyeshe nyumba yao. Kemirembe akasema, mama, na wewe unanipima mashavu kila asubuhi kama ndama wa mnada. Mama mkwe akashika kichwa. Mwishowe akasema basi, kuanzia leo kila mtu atakunywa kwa kiu yake.
Mugarura kakirudisha kitanda kwa fundi. Kasema tutakifuata siku yake ikifika. Mume gani huyu!

Jumamosi, 22 Juni
Kemirembe karudi kwenye netiboli, kasimama golini. Wenzake wa timu pinzani wakaanza, Mtungi! Mtungi! Akawajibu, ndiyo, pitisheni basi tuone. Haukupita mpira hata mmoja! Karudi anaimba, kaomba maziwa mwenyewe, kapita mbele ya kioo bila kusimama. Nimelia.
Lakini mimi! Gauni la sherehe ya kesho haliingii. Mugarura anasema nimependeza kuliko siku ya harusi. Ananihurumia tu, maskini. Leo sijala kitu. Nimemwita Kemirembe nyuma ya zizi, nimemwomba aninywee kibuyu changu, mama asijue.
Kacheka mpaka kakaa chini. Kisha kamwita mama.