Viunza vya Maalim na Mlima wa Theluji

Kwa jina la Allah, aliyeipigilia milima kama vigingi, na rehema zimfikie Mtume wake. Ewe utakayeyasoma haya baada yangu, nakuamkua kwa amani, wewe na uliokaa nao.

Likoni, Jumatatu, 9 Januari 1961

Nimepata njia ya Makka. Bwana Zumbakhi, Mswisi, fundi wa mitambo bandarini, aliyepanga katika hoteli ya Shelly Beach, arudi kwao kwa meli itakayotia nanga Jidda. Atafuta mwenzi wa kupanda naye mlima wa kwao, nauli juu yake. Nitajifanya mpenzi wa milima. Jidda nitateremka, nikahiji. Kumwomba waziwazi ni kujidhalilisha. Mtu wa elimu huenda kwa hekima. Jirani yangu Boga, muuza madafu, naye aitamani Hija. Sikumwambia kitu.

Jumatano, 11 Januari

Nimemweleza Zumbakhi kwamba tangu utotoni naiota theluji. Alifurahi mno. Mlima wenyewe, asema, si mrefu: asubuhi moja tu, kwa mbao ndefu zilizofungwa miguuni, na ngozi chini yake ili zisiteleze nyuma. Lakini kuna korongo jembamba ambalo juu yake barafu yaning'inia. Jua likiipasha, huporomoka. Mbele yake kuna nyufa zilizofunikwa theluji, humeza mtu na mbao zake. Akauliza kama naogopa. Nikasema nyufa ndizo nizipendazo hasa. Allah anisamehe.

Jumamosi atanijaribu kwenye mteremko wa mchanga.

Ijumaa, 13 Januari

Mbao zimepatikana. Nimeazima msikitini viunza viwili, zile mbao za kufunikia maiti kaburini. Kwanza nilizunguka mtaa mzima nikijulia watu hali. Hakuna mahututi.

Ngozi nimekata ile ya mbuzi wa Idi, ambayo mke wangu Mwanasaumu huikalia akisuka ukili wa mikeka. Akaniambia, "Maalim, kama ni kufa, kitanda kina kosa gani?" Nikaendelea kukata. Boga naye akapita, akauliza viunza vyaenda wapi. Nikasema navikagua mchwa.

Jumamosi, 14 Januari

Kupanda kulikuwa kwema. Ngozi zilishika mchanga, Zumbakhi akapiga makofi. Kuteremka sasa. Nilisahau kuzibandua ngozi. Mbao zikakataa kwenda, mwili ukaenda peke yake. Kanzu ilinifika kichwani. Wapishi wa hoteli walitoka na miiko mikononi. Nikamweleza Zumbakhi kwamba sisi wa pwani ndivyo tushukavyo.

Papo hapo ikaja habari ya msiba: mzee mmoja wa Mtongwe amefariki ghafla, na viunza havionekani msikitini. Nikavibeba hadi makaburini, ngozi zikiwa zimepigiliwa bado. Mchimba kaburi, Ngowa, alivigeuza, akavitazama, kisha akauliza kwa adabu, "Maalim, maiti huyu apandishwa wapi?"

Watu walicheka mazikoni. Nami ndiye niliyekuwa nimsomee maiti talakini pale kaburini.

Jumatano, 18 Januari

Zumbakhi amekuja kuniaga. Asema mlima hautanifaa, aniogopea. Atapanda na ndugu yake. Kisha akataja kwamba melini kuna vitanda viwili vitupu. Kimoja amempa Boga. Boga alimwendea tu akamwambia, "Bwana, mimi mlima siutaki. Nataka Jidda." Basi.

Akaniuliza kwa Kiswahili chake cha bandarini, "Na mzee, yeye nataka Jidda?"

Nikatambua kuwa ni mtihani wa kuupima moyo wangu. Nikajibu kwa utulivu: Jidda sina haja nayo, ni mlima au niachwe. Alinishika mkono kwa heshima kubwa, machozi yakimlenga. Nilirudi nyumbani na yakini kwamba kesho atanijia.

Alhamisi, 19 Januari

Hakuja. Kitanda cha pili amepewa Dhahabu, mke wa Boga.

Ijumaa, 20 Januari

Boga na mkewe wamesafiri. Kabla ya kuondoka Boga alikuja kuniamkua, akaniomba dua, nami nikamwombea, ndefu kuliko nilivyokusudia. Akaninong'oneza, "Maalim, mwaka ujao sema tu. Watu husikia wakiambiwa."

Maneno ya muuza madafu.

Baada ya swala ya Ijumaa nimepata habari ya nahodha mmoja wa Norwe, mwindaji nyangumi, ambaye meli yake itapita Jidda mwezi ujao. Kumwomba waziwazi ni kujidhalilisha. Nimekwisha kumpelekea salamu kwamba tangu utotoni nawapenda nyangumi. Mwanasaumu ameuficha mkuki wa marehemu baba yangu, nitautafuta kesho.

Nawe uliyeyasoma haya, Mola akufikishe utakako, awakinge walio chini ya dari yako, na akubarikie riziki yako, amin.