Sarafu Mbili za Katanga na Jina Moja Kwenye Orodha ya Treni

Dilala, Kolwezi, tarehe 11 Mei 1993

Kwa Bwana Msimamizi wa Orodha za Treni,
Stesheni ya Kolwezi

Bwana Msimamizi mheshimiwa,

Mimi Mukalay Nkulu, mtunza ghala mstaafu wa kampuni ya migodi na katibu wa Chama cha Wakusanyaji Sarafu cha Kolwezi, naomba dakika zako chache. Najua umezidiwa na kazi. Watu wote wale waliolala juu ya mizigo yao mbele ya ofisi yako wanangoja uandike majina yao, na wewe unawaita wasafiri, ingawa sijakutana na hata mmoja aliyeomba safari. Sikuandikii habari za siasa. Siasa haijawahi kunisaidia kitu. Nakuandikia juu ya jambo la kitaalamu.

Chama chetu kina wanachama wawili. Mimi ni katibu, na mwenyekiti ni Tata Mukendi Tshilombo, aliyekuwa fundi umeme kule mgodi wa Mashamba. Jumatatu iliyopita watu wenye fimbo walimtoa nyumbani kwake kwa sababu babu yake aliletwa kutoka Kasai kuja kuchimba shaba, na sasa jina lake liko kwenye orodha yako pamoja na la mkewe, Mama Mushiya. Treni yao ya kwenda Kasai ni Alhamisi. Naomba ulifute jina hilo. Usidhani ni kwa sababu ya urafiki. Mukendi ni mtu mbishi, anakula karanga juu ya katalogi, na hatujakubaliana jambo lolote tangu mwaka 1974. Sababu zangu ni hizi, na nimezipa namba ili usipotee njiani.

1. Iko sarafu ya faranga tano ya Katanga ya mwaka 1961, yenye mkungu wa ndizi upande mmoja na msalaba wa shaba upande wa pili. Tumezunguka mji mzima mlango kwa mlango kwa miaka mingi, na katika Kolwezi yote tumeziona mbili tu: moja yangu, moja yake. Mke wangu Fidélie anasema nifurahi basi, maana Mukendi akiondoka na yake, yangu itabaki peke yake. Hapo ndipo wasiosomea sarafu wanapokosea. Sarafu iliyobaki peke yake, bila mtu wa kuijua, ni kipande cha shaba tu. Ili iwe adimu, lazima awepo mtu mwingine anayeitamani. Mukendi ameionea wivu sarafu yangu kila Jumapili baada ya misa kwa miaka kumi na tisa, bila kukosa, hata alipokuwa na malaria. Je, ofisi yako ina mtu wa kuchukua nafasi hiyo?

2. Kupima uadimu kunataka ujue zimebaki ngapi, na sio zilitengenezwa ngapi. Kama ujuavyo, tangu pesa yetu iishiwe nguvu, watu wanatoboa sarafu za makuta, zile ndogo zisizonunua kitu tena, na kuziweka chini ya misumari ya mabati ili mvua isipenye. Kwa hiyo sarafu nyingi za mji huu haziko benki, ziko juu ya mapaa. Sisi tunazihesabu hapo hapo. Paa la Tata Ndaya, nyuma ya shule, lina mia tatu arobaini na mbili. Mukendi anapanda, mimi naandika chini, kwa sababu ya magoti yangu. Juzi nilipanda mwenyewe, nikadhaniwa mwizi wa mabati, na nilishushwa kwa namna ambayo sitaieleza katika barua rasmi. Wezi halisi walikuwa mtaa wa pili, wanafungua paa la Mukendi mchana kweupe, na hakuna aliyewashusha. Naomba walau wanaobeba mabati ya wasafiri watuachie idadi ya sarafu kwa maandishi. Sarafu niliyoiandika mwezi wa pili kuwa ni ya kawaida kabisa, leo, mapaa yakibebwa hivi, sijui niiiteje.

3. Watu wanadhani kitu kisichonunua chochote kimekuwa adimu. Mama Godelieve alituletea beseni zima la makuta hayo hayo, amezisugua kwa limau na mchanga mpaka zinang'aa, akitaka tumwambie ni utajiri. Ningekuwa peke yangu ningemwambia ukweli kwamba kwa kuzisugua ameziua. Mukendi alikaa naye saa nzima, akazitazama kwa kioo cha kukuzia moja baada ya nyingine, pande zote mbili, akapata moja isiyosuguliwa, akaisifu. Mama aliondoka anaimba. Mimi kazi hiyo siiwezi, nina hasira.

4. Sasa nakuja kwenye utaratibu wenyewe. Nimeambiwa kanuni ni kwamba kila kitu kirudi kilikotoka. Vizuri sana. Mukendi anasema sarafu ya Katanga ilipigwa Ulaya, ikaletwa hapa ndani ya sanduku. Yeye mwenyewe alizaliwa Kolwezi, mwaka 1938, na mimi nilishuka hapa kutoka Manono mwaka 1957 nikiwa na begi moja. Nilipofika, yeye ndiye aliyenionyesha mahali pa kununua unga. Tukifuata kanuni hiyo, Bwana Msimamizi, anayepaswa kupanda treni kwanza ni sarafu, wa pili ni mimi, na Mukendi abaki kutupungia mkono. Nakushauri usiifuate.

5. Kosa kubwa kuliko yote ni la mbinu. Mkusanyaji hamwagi sarafu zote katika gunia moja na kuandika juu yake neno moja. Anachukua moja, anaigeuza, anasoma, anaandika, ndipo anashika nyingine. Naona orodha yako ina neno moja tu kwa watu wote hao. Najitolea kukusaidia bila mshahara. Tukimtazama kila msafiri kwa siku moja, na nilivyokadiria wako kama elfu nne, treni itaweza kuondoka baada ya miaka kumi na moja hivi. Muda huo nakuomba umweke Mukendi mwishoni kabisa mwa foleni. Kioo kipo. Nusu yake ni mali yangu na nusu ni yake, na hilo nalo sijui utaligawaje.

Nikitegemea kwamba utayapima haya kwa akili ya mtu mwenye kazi ya kuandika, kama ilivyokuwa yangu miaka thelathini, nakushukuru mapema. Wasalimie wote hapo ofisini, msalimie mlinzi wa geti hata kama jana alinisukuma, na wasalimie nyumbani kwako wakubwa kwa wadogo.

Wako katika utaratibu,
Mukalay Nkulu, katibu

N.B. Bahasha nilikuwa nimekwisha kuifunga. Nimeifungua baada ya kurudi stesheni, nilikokwenda kumpelekea Mukendi kile kioo.

Lazima niseme ukweli. Sarafu yangu ni ya bandia. Mwaka 1974 Mukendi aliniachia yake siku mbili niiandike kwenye katalogi, nami nikaibonyeza kwenye mchanga wa karakana na kumwaga shaba, kwa sababu sikuweza kuvumilia awe nayo peke yake. Miaka yote hii nilijua nimemdanganya. Leo, ameketi juu ya godoro lililofungwa kamba, amenisogelea na kuniambia: "Tata Mukalay, mi nilijuaka tangu siku ya kwanza. Ndizi ya tatu ya sarafu yangu iko na kovu. Ya kwako nayo iko na kovu, fasi ile ile, ndizi ya tatu. Lakini kama ningesema, siku ya Mungu kisha misa tungebishana na nani?"

Halafu akataka tubadilishane. Amechukua ile niliyotengeneza mimi, na ya kweli ameitia mkononi mwangu. Anasema njiani kuna vizuizi. "Batakamata bitu byote. Basi, bakamate ya bongo, ile ulitengeneza we."

Kwa hiyo hoja yangu ya kwanza imekufa, maana sarafu hazikuwahi kuwa mbili. Nyingine nazo usihangaike nazo. Sarafu ya kweli haiondoki Kolwezi, iko kwangu, na kwa kanuni zote nilizokuandikia hapo juu ningepaswa kuwa mtu mwenye furaha. Nimelia njia nzima kutoka stesheni hadi Dilala, na watu wa baiskeli wameniona.

Sarafu hiyo ya kweli nimeiweka ndani ya bahasha hii. Ni moja tu katika mji wote. Ukitaka kuhakikisha, muulize Mukendi, yuko hapo nje ya dirisha lako, anakula karanga. Sarafu ichukue. Yeye tuachie.