Gari la Mshonaji na Bastola ya Joto

Fundi Vipimo hakuwa fundi, na vipimo vyenyewe alikuwa nacho kimoja tu: kipimajoto chenye umbo la bastola, kile ambacho ukikielekeza kwenye kitu na kubonyeza, kinatoa nukta nyekundu na kukusomea joto bila kugusa. Kwa kifaa hicho na ulimi wake aliishi vizuri kuliko mafundi watatu wa kweli waliochafuka mikono mtaa wa pili.

Kazi ilikuwa nyepesi. Unatafuta gari la gia otomatiki lililotoka kuzimwa sasa hivi. Unainama chini yake kwa uso wa mtu anayesoma mirathi. Unaelekeza bastola, si kwenye giaboksi, bali kwenye bomba la moshi linalopita jirani yake, maana bomba la moshi halijawahi kumwangusha tapeli. Namba inapanda, mwenye gari anashika kifua, nawe unatoa chupa ya mafuta mekundu "maalumu", uliyoijaza mwenyewe jikoni kwa mafuta ya bei rahisi na kuibandika lebo yenye picha ya simba. Miaka minne alifanya hivyo, na hata siku moja hakuwahi kuipima giaboksi yenyewe. Ya nini? Ukweli haukuwa na wateja.

Alhamisi hiyo, lakini, hakuwa akitafuta wa kumuuzia chupa. Alikuwa akitafuta gari. Alikuwa amempenda msusi mmoja mwenye saluni karibu na soko, na katika kupenda huko ulimi ulimponyoka akasema ana gari. Baba wa msusi, dereva mstaafu wa malori, akasema vema, Jumamosi aje awachukue wote wawili awapeleke nyumbani kwao juu mlimani, wakazungumze kiungwana habari za posa. Vipimo alikuwa na pikipiki. Zilibaki siku mbili.

Ndipo akaliona: gari dogo la rangi ya maziwa, limeoshwa likaoshwa tena, limesimama mbele ya chumba cha mshonaji wa sare za shule. Mwenyewe, mjane wa makamo mwenye tepu shingoni na pini mdomoni, alikuwa ametoka kulisogeza kivulini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na jua."

"Jua si kitu. Nasikitikia gari. Limeungua ndani, nasikia harufu toka kule kona."

Mama akatoa pini mdomoni. "Limeungua?"

Vipimo akainama, akabonyeza, akainuka taratibu na kumwonyesha namba. Mia moja arobaini na mbili.

"Hiyo ni nyingi?" mama akauliza.

"Mama, nikikwambia utalia."

"Niambie. Nimeshalia sana, nina mazoea."

Akamwambia. Akamweleza jinsi mafuta ya giaboksi yanavyoiva kama mchuzi uliosahaulika, jinsi gia zinavyoanza kuteleza, jinsi mafundi watakavyomla mpaka cherehani. Mama akasikiliza akitikisa kichwa, akasema ndiyo maana, ndiyo maana, marehemu alilipenda sana hili gari. Vipimo akajihurumia kwa kuwa na roho nzuri hivyo, akasema yuko tayari kumwondolea mzigo, alichukue kama chuma chakavu.

"Pesa zako sizitaki," mama akasema. "Mimi napeleka sare shule tatu. Nikose gari, nizibebe kichwani? Nipe hiyo pikipiki yako, tumalizane."

Hapo Vipimo akasita. Pikipiki ile ndiyo iliyomzungusha mji mzima kuwafuata wateja. Bila hiyo, angetapeli kwa miguu. Lakini aliliangalia gari likimeremeta, akamwona baba mkwe amekaa kiti cha mbele.

"Kwa sababu ni wewe," akasema.

"Ngoja kwanza." Mama akawaita washonaji wenzake wawili wa chumba cha jirani. "Hebu rudia, baba, hawa nao wasikie. Wasije wakasema kesho nilikuficha kitu."

"Giaboksi ya gari hili inakufa," Vipimo akatangaza kwa sauti ya kanisani. "Tambarare litakwenda. Mlima haliupandi. Na mimi nalichukua hivyo hivyo."

"Mmesikia?"

"Tumesikia," wakasema wale wawili, na mmoja akainama haraka kutafuta kitu chini, mabega yakimtetemeka.

Jumamosi mchana gari liliteleza barabarani kama hariri. Msusi alikaa nyuma, amependeza. Baba yake alikaa mbele, mikono magotini, akisikiliza injini kama watu wanavyosikiliza taarifa ya habari.

"Umelipata wapi, kijana?"

"Ninalo siku nyingi, mzee."

Mlima ukaanza. Robo ya kwanza wakapanda. Robo ya pili injini ikaanza kupiga kelele nyingi na kwenda kidogo. Vipimo akakanyaga zaidi, injini ikalia zaidi, na gari likapunguza mwendo. Mama mmoja mwenye ndoo kichwani akawapita, akawasalimu. Harufu ikaingia, kama mkate ulioachwa motoni.

"Simama," mzee akasema. "Usilizime. Weka kwenye P, vuta breki ya mkono, nifungulie boneti."

Akachomoa kijiti cha kupimia mafuta, akakifuta kwa leso nyeupe, akakirudisha, akakichomoa tena. Akamwonyesha Vipimo leso. Mafuta yalikuwa ya kahawia iliyokolea, na punje nyeusi ndani yake.

"Haya yanatakiwa yawe mekundu, unaona mpaka upande wa pili. Una kitu cha kupimia joto?"

Vipimo angekana, lakini bastola ilikuwa imelala wazi juu ya dashibodi.

"Pima sampu ya giaboksi, lile bakuli la mafuta. Hapo chini. Si hapo, hilo ni bomba la moshi. Huku."

Nukta nyekundu ikatua kwenye giaboksi kwa mara ya kwanza tangu kifaa kile kinunuliwe. Mia moja arobaini na tisa.

"Themanini mpaka tisini na tano, hapo giaboksi imestarehe," mzee akasema, bila kupandisha sauti. "Ikipita mia na ishirini mafuta yanaanza kuiva. Kwenye mia na hamsini klachi zinaungua, na mipira ya kuziba mafuta inakauka kama kaukau. Ulitia mafuta ya aina gani?"

"Maalumu, mzee. Ninayo chupa hapa, tunaweza kuongeza."

Mzee akaifungua, akanusa, akaifunga. "Aina ya mafuta inaandikwa kwenye kitabu cha gari. Huyu simba kaandikwa kitabu gani?"

Vipimo akaipokea chupa, akaifunika lebo kwa kiganja.

Msusi alishuka, akavua viatu vya kisigino akavishika mkononi. Alikuwa anacheka, na hilo ndilo lililomuuma Vipimo kuliko yote.

"Twende, baba. Si mbali."

Mzee akageuka mara moja. "Kijana, siku utakayoanza kupima kitu chenyewe badala ya jirani yake, njoo. Hata kwa miguu njoo. Mlango hatujafunga."

Jumatatu asubuhi Vipimo alikuwa mlangoni kwa mshonaji, jasho mpaka kwenye soksi.

"Mama, umeniuzia gari bovu."

"Karibu ndani, mwanangu. Sikukuuzia, tulibadilishana. Na ubovu wake uliniambia wewe."

"Mimi nilikuwa..." akaanza, akakwama. Alikuwa katika hali ngumu ambayo shuleni hawaifundishi: ili kumshtaki mama yule ilibidi kwanza aape kwamba yeye mwenyewe ni mwongo.

"Ulikuwa nini?"

"Nilikuwa napima bomba la moshi. Miaka minne, mama."

"Aa." Mama akakata uzi kwa meno. "Mimi nilijua mwezi mzima. Marehemu alitia mafuta yoyote mekundu aliyoyaona dukani, akasema rangi ni moja. Fundi alipolifungua akaniambia, mama, giaboksi hii ndiyo imekwisha. Nikawa najiuliza nitamwambiaje mnunuzi bila kumkimbiza. Ukaja wewe, ukaniambia mimi." Akamsogezea kigoda. "Kaa, upumzike. Kitendawili."

Vipimo akakaa. "Tega," akasema kwa unyonge.

"Kwa miaka minne hajasema kweli. Alipoisema, hakuijua. Alipoijua, hakuipenda."

Akafikiri kidogo, kwa heshima tu.

"Nimeshindwa, mama."

"Basi nipe mji."

"Mji nitautoa wapi, mama? Hata pikipiki sina."