Ukurasa wa Mwisho na Karanga za Ami

Jamani, leo msininunulie kahawa. Sina uso wa kunywea. Uso wangu nimeuacha mtaa wa Dunda, dirishani kwa watu, na sidhani kama nitarudi kuuchukua.

Ngojeni niwaeleze mwenyewe, maana kesho mtayasikia yameshatiwa chumvi. Hayahitaji chumvi.

Mnajua leo ilikuwa siku ya posa yangu. Ami Shabani, ndugu yake marehemu baba, ndiye aliyenilea, na ndiye aliyekuwa aende na wazee wawili kwa Mzee Kombo, yule muuza mbata, kunichumbia binti yake, Mwanaidi. Asubuhi ami kanikalisha mkekani.

"Nasoro, leo usionekane mitaani."

"Ndiyo, ami."

"Muoaji siku ya posa hazururi. Mzee Kombo ni mtu wa heshima, hapendi vijana wenye macho ya juu. Kaa ndani. Soma hivyo vitabu vyako vya mashetani."

Si vya mashetani. (Nimemweleza mara ngapi?) Ni vitabu vya watu wanaokwenda kwenye nyota. Vingine vina majoka na wachawi, sikatai, lakini wachache. Nyinyi mnaujua ugonjwa wangu. Mzungu akihama, mimi nipo mlangoni. Mwenye duka akifunga, mimi nipo kwenye maboksi. Mnadani watu wanagombea vitanda na majiko, mimi nimepiga magoti vumbini natafuta kitabu cha Kiingereza chenye roketi jaladani, kurasa zake zimegeuka rangi ya chai ya maziwa. Tangu redio itangaze kwamba watu wamekanyaga mwezini, ndiyo nimezidi kuharibika.

Sasa, kipo kimoja. Kinahusu nahodha wa chombo cha angani aliyepotea njia akatua kwenye sayari yenye miezi mitatu. Sayari hiyo inatawaliwa na malkia, na malkia ana ngozi ya kijani. Nilikipata Dar es Salaam chini ya rundo la magazeti, nikakisoma kwenye basi mpaka nikapitishwa kituo. Kufika mwisho, mchwa wamekula sura nzima. Nahodha yupo kwenye ngazi za kasri, malkia anashuka na upanga mkononi, na hapo mchwa wakashiba. Miaka yote hii yule nahodha yupo pale ngazini. Nimemtafutia mwisho wake kila mahali. Sikuupata.

Basi leo nimetulia chumbani, nimevaa msuli, mtoto mwema. Mama Rukia, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, akanibishia hodi.

"Mwalimu, karanga hizi hapa. Tafuna upoze roho."

Nikashukuru. Nikafungua kikaratasi. Karanga mbili mdomoni, jicho kwenye karatasi.

Kiingereza.

Nikasoma mstari mmoja. Ngazi za kasri! Malkia! Upanga!

Jamani, nilizimwaga zile karanga kitandani. "Mama Rukia! Umenunua wapi?"

"Kwa Bi Tatu, pale njia panda. Kwani chungu?"

Hakunisikia nikimjibu. Nilikuwa nimeshatoka. (Msuli na viatu vya kazini. Ndivyo nilivyokatisha mtaa siku niliyoambiwa nisionekane.)

Bi Tatu nimemkuta amekaa na ungo wake wa karanga, na pembeni, chini ya jiwe, ana karatasi. Nikamsalimu haraka haraka.

"Shikamoo, Bi Tatu. Hicho kitabu unachofungia, kiko wapi?"

"Marahaba. Kitabu gani? Kile cha mzungu aliyehama? Kimekwisha. Limebaki hili." Akaninyanyulia jalada. Roketi nyekundu, miezi mitatu, na malkia mwenyewe, kavaa nguo ya kutosha kufunika kiganja. "Hili gumu, halisokoteki. Na siwezi kumpa mtu karanga kwenye mwanamke uchi."

"Na kurasa za mwisho?"

"Zilizobaki ndizo hizo chini ya jiwe."

Nikapiga magoti pale pale njia panda. Karatasi chache. Nikazipanga. Nahodha anapanda ngazi. Malkia anamwekea upanga shingoni. Anamwambia: una neno moja tu la kusema kabla hujafa, lichague vizuri. Nahodha akavuta pumzi, akafungua kinywa—

Karatasi ikaisha.

"Bi Tatu! Ile iliyofuata!"

"Ndiyo niliyofungia sasa hivi. Nimempa ami yako, alipita hapa na wazee wenzake. Wamependeza, kanzu zimepigwa pasi. Si wanakwenda kukuposea?"

Hapo mtu mwenye akili angerudi nyumbani. Angesema, ami akirudi nitamwomba karatasi yake. Lakini mimi namjua ami yangu. Ami akimaliza karanga, kikaratasi anakifikicha, anakitupa. Au anachokolea sikio. Nikajiambia nitamkimbilia njiani, nitamwomba, basi, nitageuka. Nani ataniona?

Sikuwapata njiani. Wazee wale leo walitembea kama vijana. Nafika kwa Mzee Kombo, viatu vyao vimeshapangwa mlangoni.

Nikazunguka nyuma, kichochoroni. Dirisha la ukumbi liko juu kidogo, lina nondo. Chini yake kuna debe tupu la mafuta ya taa, limepinduliwa. Sijui nani aliliweka. Mungu ndiye anayejua.

Nikapanda. Nikashika nondo. Nikachungulia kwa jicho moja.

Ukumbi umejaa. Mzee Kombo na ndugu zake upande mmoja, watu wetu upande wa pili wameligeuzia dirisha mgongo, sahani ya halua katikati, birika la kahawa. Nyuma ya pazia la chumba cha wanawake, vivuli vya kanga. Na ami yangu, mpenzi wa karanga, hata halua hajaigusa. Kikaratasi kipo pajani kwake. Anatafuna. Naliona hadi lile doa la mafuta likiinywa karatasi yangu.

Mzee Kombo akakohoa. "Sasa, Bwana Shabani. Elimu ya kijana wenu tumeisikia, kazi tumeisikia. Tabia?"

Ami akakaa sawa. Jamani, ami anajua kusema.

"Mzee Kombo, sisifu kwa kuwa ni mwanangu. Kijana yule ana haya. Akipita njiani macho yako chini. Humsikii kicheko, humwoni vibarazani." (Hapo hata mimi nilishangaa.) "Na jambo moja nakuapia: nyumba ya mtu hajawahi kuichungulia."

Wazee wakaitikia: "Mashaallah."

Mimi nipo dirishani nimening'inia kama popo.

Ami akatia karanga ya mwisho mdomoni. Akapuliza maganda. Akaichukua ile karatasi akapangusia masharubu, upande mmoja, upande wa pili. Kisha akaanza kuifikicha.

Wallahi sikukusudia. Mdomo ulijifungua wenyewe.

"Ami, usiikunje!"

Ukumbi mzima ukageuka dirishani. Isipokuwa ami. Ami hakugeuka. Shingo yake ilisimama kama mti.

"Nani huyo?" akauliza Mzee Kombo.

Ami akasema, bila kugeuka: "Si wetu."

Na hapo debe likabonyea. PU! Mguu mmoja ukazama ndani ya debe, mwingine hewani, mikono kwenye nondo, msuli... (kuhusu msuli msiniulize, nilikuwa na kaptura ndani, alhamdulillahi). Nikaanguka kichochoroni pamoja na debe langu. Mlio wake nadhani ulifika forodhani.

Mlango wa uani ukafunguliwa. Akatoka Bi Zena, shangazi yake Mwanaidi, yule mkunga wa hospitali, mwiko juu.

"Mwizi! Mw— Hee! Huyu si mwalimu?"

"Shikamoo, shangazi," nikasema. Nilikuwa bado nimekaa chini.

"Marahaba. Na hilo debe?"

"Linatoka sasa hivi."

Halikutoka. Alilivuta yeye. Kiatu kikabaki ndani.

Nikaingizwa ukumbini, kiatu kimoja, goti linavuja damu, kutu ya debe mpaka kifuani. "Shikamooni," nikasema. Hakuna aliyeitikia, ila mzee mmoja wa upande wao asiyesikia vizuri. "Marahaba, marahaba, karibu halua," akasema. Yule mzee Mungu amzidishie umri.

Mzee Kombo akanitazama kutoka juu mpaka kwenye kile kiatu kimoja.

"Umefuata nini dirishani kwangu?"

Nifikirieni. Nikinyamaza, watasema nimekuja kumchungulia binti yao. Nikisema kweli, watasema nina wazimu. Nikachagua wazimu.

"Nimefuata karatasi ya karanga, mzee."

"Una njaa?"

"Hapana, mzee. Karanga zimeshaliwa. Nataka karatasi yenyewe."

Wazee wakatazamana. Ami alikuwa anatazama mkeka kana kwamba anauhesabia ukili. Nikaeleza. Kitabu, mchwa, Bi Tatu, ukurasa wa mwisho. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikia upuuzi wangu unavyotamkika. Mzee Kombo akanyoosha mkono. Ami akampa karatasi, imelowa mafuta, ina unywele wa masharubu. Mzee Kombo akaigeuza geuza.

"Kiingereza sikijui. Isome. Nataka nijue imeandikwa nini mpaka mtu mzima apande debe."

"Mzee, haina maana sana..."

"Isome. Kwa Kiswahili."

Nikaipokea. Nikapitisha macho haraka, na moyo wangu ukashuka mpaka kwenye goti lenye damu. Maana nahodha hakusema neno. Alipoambiwa achague neno moja, aliuweka kando ule upanga, akamvuta malkia kiunoni, akambusu mdomoni mbele ya jeshi lake lote!

Miaka yote ile namhurumia pale ngazini. Kumbe ndiyo kazi aliyokuwa anaisubiri.

"Ee?" akasema Mzee Kombo.

"Anasema... nahodha akamwendea malkia... akamsalimu."

"Akamsalimuje?"

"Kwa heshima."

"Akamshika mkono?"

"Karibu na hapo."

Nyuma ya pazia ikasikika sauti ya Bi Zena. "Hebu ileteni huku na mimi niione." Nikaganda. Mimi nilisahau kwamba mkunga kasomea kazi yake kwa Kiingereza. Karatasi ikapita chini ya pazia. Kisha Bi Zena, sauti kavu, kama anayesoma cheti cha dawa:

"Kaka, hapa pameandikwa 'mdomoni'."

Kahawa ikampalia mzee mmoja wa kwetu. Mzee Kombo hakupepesa macho.

"Walikuwa wameoana?"

"Bado, mzee."

"Wazee walikuwepo?"

"Lilikuwepo jeshi, mzee." (Kwa nini nilisema hivyo? Kwa nini?)

"Na haya ndiyo unayowasomesha watoto wetu?"

"Hapana, mzee! Mimi nasomesha hesabu."

Hapo nyuma ya pazia mtu akacheka. Si Bi Zena. Kicheko cha kubanwa na kanga, kikaponyoka, kikabanwa tena. Wanawake wengine wakafanya "shhh". Ndivyo nilivyokisikia kicheko cha Mwanaidi kwa mara ya kwanza, na mimi ndiye kichekesho. Ningeweza kuingia chini ya mkeka ningeingia.

Mzee Kombo akasimama. Sisi sote tukasimama.

"Bwana Shabani, jibu mtalipata baada ya Ijumaa. Mtakuja kulichukua."

"Inshallah," akasema ami.

"Lakini mje watatu. Msije wanne."

Karatasi nayo haikurudi. Nilisoma upande mmoja tu, jamani. Upande wa pili ndio wenye mwisho. Nilipokuwa nainama mlangoni kutafuta kiatu (kilikuwa bado kwenye debe, nikaondoka bila hicho), nilimsikia Mwanaidi ndani akimwambia shangazi yake, "Geuza, halafu?" Wao wameshajua nahodha alikatwa kichwa au alioa. Mimi sijui.

Tumerudi na ami. Wale wazee wawili wametangulia mbele, mabega yanatikisika kwa kicheko. Tumefika karibu na nyumbani ndipo ami akasema.

"Nimeapa kwamba una haya."

"Ndiyo, ami."

"Mbele za watu. Nimeapa."

"Ndiyo, ami. Nisamehe."

Tukatembea tena. Nikadhani yameisha. Ami akasimama, akaegemea bakora, akatazama huku na huku kama kuna anayesikiliza.

"Na yule malkia. Ni wa kijani mwili mzima?"

Nikaongeza mwendo. Nimeona haya ya leo yanatosha.

Basi, ndiyo hayo. Nawaomba ndugu zangu, mpaka Ijumaa ipite, msinicheke. Na kama mnashindwa kabisa, subirini kwanza nipinde kona.