Herufi za Kesho

Sifuna alikuwa fundi wa kuandika mabango, tena fundi hodari, mradi tu bango lisiwe na herufi ya mviringo. O yake ilitoka kiazi, S yake nyoka aliyekanyagwa. Kwa hiyo siku alipokuta tangazo la sinema ya roketi pale Government Road, herufi zote zimenyooka, zina pembe, zimekatikakatika, na watu wamezikodolea macho bila kuambulia kitu, nusura apige magoti ashukuru.

"Kumbe sikuwa mbovu," alijiambia. "Nilitangulia tu!"

Kesho yake alikuwa Kangemi kwa Kihara, mwenye hoteli ya chai na baiskeli nyeusi ya Raleigh ambayo Sifuna aliitamani kuliko mke. Ulikuwa mwaka ambao Warusi walirusha chuma chao angani, na watu walikuwa tayari kuamini lolote.

"Mzee, hizi ndizo herufi za kesho. Zimepigiwa hesabu za roketi. Kangemi nzima utakuwa nazo wewe peke yako."

"Zinasomeka?"

"Na mtu aliyesoma. Mshamba ndiye asiyeona kitu."

Nani anataka kuwa mshamba mlangoni kwake mwenyewe? Kihara alikubali, ila akaweka sharti mbele ya wateja.

"Chora. Jumamosi mgeni akisoma bango bila kuambiwa, baiskeli ni yako. Akishindwa, utanifanyia kazi ya bure mpaka nitosheke. Sawa, fundi?"

"Sawa kabisa, mzee!"

Sifuna alicheka kimoyomoyo. Mgeni alikuwa naye tayari: rafiki yake Odero, dobi wa Kitisuru, aliyekaririshwa maneno ya bango mpaka akayaota.

Jumamosi ikafika, na bango likawa juu ya mlango. Sifuna akasimama chini yake, kifua mbele. Odero akaja amevaa koti la bwana wake, akakohoa kisomi, akainua macho.

"Hoteli ya Kihara. Chai, Maandazi na Heshima."

"Mnaona! Huyo ndiye msomi!" Sifuna akarukia baiskeli.

"Pole pole, fundi." Kihara aliingia jikoni akatoka na ubao. "Bango lako ndilo hili. Hilo la juu nimechora mimi jana, kwa rula na rangi uliyoacha. Nimeandika, Choo Kiko Nyuma."

Wateja walicheka mpaka chai ikawatoka puani. Odero, rafiki wa kufa na kuzikana, alikuwa keshafika barabarani.

Sifuna akatazama juu, akatazama ubao, akatazama juu tena. Haki ya Mungu, hakuona tofauti.

Jumatatu Kihara alipanda Raleigh, kopo la rangi likining'inia kwenye usukani. Kulikuwa na tajiri wa Loresho aliyetaka bango la herufi za kesho, naye hakuwa mshamba. Sifuna alifuata nyuma kwa miguu, ngazi begani, jasho likimtiririka.

"Kimbia, fundi! Kesho haingoji mtu!"

Akakimbia. Na lazima isemwe, ile baiskeli ilikuwa nzuri kweli, hasa ukiitazama kwa nyuma.