Kitufe Kilichoninyima Mahafali ya Loise

Kangundo,
Machakos.

Mpwa wangu mpendwa Masila,

Pokea salamu za mjomba wako. Hapa sote tu wazima isipokuwa heshima yangu, na hiyo ndiyo sababu ya kukuandikia. Nina malalamiko kuhusu ile laptopu uliyonipa ofisi yenu ilipoleta mpya.

Unajua kwamba Jumamosi iliyopita binti yangu Loise alihitimu uuguzi huko Kanada, na chuo kilionyesha sherehe moja kwa moja kwenye mtandao. Niliuita ukoo wote. Mke wangu alipika muthokoi, watu wakala, nikasimama mbele yao nikatangaza kwamba katika nyumba hii hatutegemei wi-fi, tunatumia waya, kwa sababu waya ni kitu unachoweza kukishika. Kisha nikafungua laptopu. Hakukuwa na mtandao.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kitufe kilicho ubavuni mwa laptopu kimechorwa mnara mdogo wenye mawimbi. Mtu mwenye akili akiona mawimbi anajua ni mambo ya hewani. Mimi nilikizima asubuhi kwa mkono wangu, ili nguvu zote ziende kwenye waya. Kwa nini basi waya nao ufe? Ni kama kuzima redio, ng'ombe akaacha kutoa maziwa.

2. Kwa kuwa sikujua kwamba kitufe kimezima na waya, ilibidi nitafute mkosaji. Nilianza na kuku, kwamba wameudonoa waya. Halafu nikamwondoa shemeji yangu Wavinya kitini, kwa sababu mguu wake ulikuwa juu ya zulia na waya unapita chini yake. Akahamia mlangoni na sahani yake. Nilipokosa ushahidi, nilitoka nje nikamlaumu jirani yetu Musembi, wageni wakisikia, kwamba mbuzi wake ametafuna waya uani. Masila, mbuzi huyo alikuwa amefungwa kwao tangu asubuhi.

3. Nilimwita fundi wa kampuni ya mtandao. Akaja na boda boda, akachomeka waya wangu kwenye laptopu yake, na mtandao ukaingia mara moja. Mtu mwingine angejifunza kitu hapo. Kijana wa watu alijitolea tutazame sherehe kwenye mashine yake. Nilikataa. Nilimwambia laptopu ya nyumba hii haina ugonjwa, aurekebishe waya wao. Akatutakia siku njema akaondoka.

4. Kwa hivyo ukoo mzima ulitazama mahafali kwenye simu ya Wavinya, kule kule mlangoni. Jina la Loise liliposomwa, mimi nilikuwa chini ya meza nikikaza waya. Baadaye alipiga simu akaniuliza, "Baba, uliniona?" Nikamjibu kwamba nilisikia vigelegele. Hapo akaniuliza habari za kahawa shambani.

5. Lalamiko kubwa ni wewe mwenyewe. Nilipokupigia Jumatatu, nilitarajia angalau usumbuke. Ukaniambia, "Mjomba, sukuma kile kitufe cha ubavuni." Nikakueleza kwa upole kwamba mimi situmii wi-fi. Ukasema, "Najua. Laptopu hiyo kitufe kinazima vyote viwili. Sukuma tu." Nikasukuma, taa ikawaka, mtandao ukaja, nawe ukaniuliza kama kuna lingine. Aibu kubwa namna ile ilistahili maelezo marefu zaidi.

Kwa sababu hizo naomba, kwa heshima zote, uje Jumamosi hii usimame mbele ya ukoo ule ule, useme laptopu ilikuja na kasoro na hukunionya. Umwombe Wavinya msamaha kuhusu kiti, na Musembi kuhusu mbuzi. Kuku nitazungumza nao mwenyewe. Ukirudi ofisini, uwaandikie watengenezaji wote wa laptopu duniani waving'oe vitufe hivyo. Wakikataa, basi wachore na waya kando ya ule mnara, nasi watu wa waya tujue kwamba tumehesabiwa.

Nisalimie mkeo Kanini, watoto, na wenzako wote kazini huko Mavoko. Mke wangu anakusalimu pia, ingawa hajui ninachokuandikia.

Ni mimi mjomba wako, ninayekulaumu kwa upendo,

Bartholomew Wathome

Nyongeza: Usije. Barua ilikuwa bado mezani jana Loise alipopiga simu ya video kwenye laptopu hii, akiwa amevaa lile joho la mahafali tena. Alijizungusha polepole ili nimwone mbele na nyuma. Alijaa kwenye skrini yote. Mama yake akamwambia kwamba baba ndiye aliyeitengeneza laptopu. Nilitaka kusema ukweli, lakini nilikuwa nikifuta machozi, na yalipokwisha habari ilikuwa imeshafika kanisani. Wavinya na Musembi nimewaendea mwenyewe, wakanisamehe kwa kunicheka. Sasa katekista Ndolo ameniletea printa ya parokia, inakataa kuchapa. Nikikwama nitakupigia simu, lakini ongea kwa sauti ya chini, maana amevuta kiti akakaa hapa karibu nami.